Hedifoni za waya: kabla ya kuuliza bei, pinda shingo ya pini

Malalamiko kuhusu hedifoni za waya hayana aina nyingi. Karibu yote yanahusu sikio moja kufa. Jana upande wa kushoto ulikuwa unakatika mtu akitembea. Leo unarudi pale tu anapoukunja waya kwa kidole karibu na simu. Kesho, hata aukunje vipi, kimya. Anakwenda dukani, ananunua nyingine ya bei ile ile, na baada ya muda anarudi na kilio kile kile. Muuzaji humwambia spika imeungua kwa sababu anafungulia sauti kubwa. Kwa kawaida si kweli. Spika huwa nzima. Zilizokatika ni nyuzi za shaba, nyembamba kama unywele, pale waya unapoingia kwenye pini.

Mahali hapo hapazungumzwi kabisa. Kwenye boksi utasoma besi, utasoma "HD", utasoma "stereo" kwa herufi kubwa, lakini hutaona neno hata moja kuhusu shingo ya pini. Ndiyo maana orodha ya hapa chini haikupangwa kwa utamu wa sauti, wala kwa rangi, wala kwa idadi ya vipira vya masikio vilivyomo ndani. Imepangwa kwa swali moja: shingo ya pini ikikatika, na ipo siku itakatika, utatupa hedifoni nzima au utabadilisha kipande tu?

Waya bado una wenyewe

Wapo wanaodhani hedifoni za waya zimebaki kwa wasioweza kumudu Bluetooth. Hawajacheza PUBG Mobile wala Free Fire kwa makini. Sauti ya Bluetooth hubanwa kwenye simu, inarushwa, kisha inafunguliwa upya sikioni, na kwa mfumo wa kawaida wa SBC ucheleweshaji unaweza kufika milisekunde 150 hadi 250. Hiyo ni kama robo sekunde. Unasikia hatua za adui wakati ameshakulenga. Anayehariri video kwenye simu ana tabu hiyo hiyo: midomo inatangulia, maneno yanafuata, na akikata video anakata pasipostahili. Kwenye waya ucheleweshaji ni mdogo kiasi kwamba hausikiki.

Anayerekodi sauti ana sababu nyingine. Ukiwasha maiki ya hedifoni za Bluetooth, simu huhamia kwenye mfumo wa kupigia simu, na ubora wa sauti unashuka papo hapo. Darasa, mawaidha au tangazo ulilorekodi linatoka kama limesomwa kupitia simu. Maiki ya waya, hata ya kawaida, haina kikwazo hicho.

Kisha kuna redio, na hapa Bluetooth haina jibu. Simu nyingi zenye FM, za Android na viswaswadu, hutumia waya wa hedifoni kama antena. Wimbi la FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3 hivi, na robo yake ni sentimita 75, kwa hiyo waya wa hedifoni wenye urefu wa kawaida, kama mita 1.2, unalinasa vizuri. Ndiyo sababu ukifungua redio bila kuchomeka kitu, simu inakuambia uchomeke hedifoni kwanza. Kwa anayefuatilia mechi ya Simba na Yanga redioni ili asimalize bando, waya ni sehemu ya redio yenyewe. Atandaze waya wote kifuani badala ya kuukunjia mfukoni, stesheni zitatulia.

Simu zenye tundu la hedifoni bado zipo kwa wingi: nyingi za Tecno, Infinix, itel na Redmi za bei ya chini zinalo. Samsung wanakuyumbisha. Galaxy A15 inalo tundu, Galaxy A16 iliyoifuata haina. Apple waliliondoa mwaka 2016 kwenye iPhone 7, na tangu iPhone 12 ya mwaka 2020 hata zile hedifoni za bure kwenye boksi wakaacha kuzitia. Kwa hiyo kabla ya kusoma zaidi, geuza simu yako uangalie una tundu au huna. Wasio nalo wana sehemu yao mbele.

Nini hasa hukatika

Ukiuchana waya wa hedifoni zenye maiki utakuta vifungu vinne au zaidi vya nyuzi. Kwa kawaida chekundu ni sikio la kulia, cha kijani au buluu ni la kushoto, cha rangi ya shaba ni waya wa pamoja unaorudisha umeme kwa pande zote mbili, na kimoja zaidi ni cha maiki. Kila uzi umepakwa vanishi ili usigusane na jirani yake. Ndani ya kifungu hutiwa pia nyuzi za nailoni ili waya uvumilie kuvutwa.

Kuvutwa, basi, si tatizo kubwa. Tatizo ni kukunjwa mahali pamoja. Pini ni ngumu, waya ni laini, na pale vinapokutana ndipo kila mkunjo wa mfukoni unapoishia. Shaba ikikunjwa mara nyingi hukakamaa, ikishakakamaa huvunjika, uzi mmoja baada ya mwingine. Hutasikia lolote mpaka ule wa mwisho uachie.

Kila kifungu kikikatika kina dalili yake. Chekundu au cha kijani kikikatika, sikio moja linakufa, hiyo inajulikana. Waya wa pamoja ukikatika, mambo huwa ya ajabu zaidi: muziki unasikika lakini mwimbaji ametoweka, kimebaki kinanda na mwangwi. Hii hutokea kwa sababu spika mbili sasa zimeungana kwa mfuatano na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia tu, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, kwa hiyo inajifuta. Wa maiki ukikatika, unayeongea naye anasema "halo, halo" wakati wewe unamsikia vizuri. Na nyuzi za maiki zikigusana na za pamoja, simu inaingiwa na wazimu: wimbo unasimama wenyewe, unaruka, au msaidizi wa Google anafunguka bila kuitwa. Kitufe cha hedifoni hufanya kazi kwa kuunganisha nyaya hizo mbili, hivyo zikigusana shingoni simu inadhani umebonyeza. Watu wamewahi kufuta kila kitu kwenye simu wakidhani ni virusi.

Shingo nzuri utaijua kwa macho na vidole. Ni mpira laini, una mikato ya pete, urefu wake unafika sentimita moja au zaidi, na unapungua unene kuelekea kwenye waya. Ukiukunja, waya unatengeneza upinde. Shingo mbaya inatengeneza kona. Mbaya kuliko zote ni ile inayoonekana ya kifahari: pini ya chuma inayong'aa, waya unachomoza moja kwa moja kwenye ukingo wa chuma bila mpira wowote. Chuma kile kinaukata waya taratibu. Nyaya za kitambaa nazo zisikudanganye, kitambaa hakizuii nyuzi kukatika ndani, kinaficha tu mahali zilipokatikia. Nyaya bapa, zile kama tambi pana, hazijifungi mafundo, lakini zinakubali kukunjika kuelekea pande mbili tu, na ukizikunja upande wa tatu zinajisokota pale pale shingoni.

Umbo la pini nalo lina uzito. Pini iliyonyooka inatokeza nje ya simu, na ukikaa kwenye daladala au matatu simu ikiwa mfukoni, paja linaisukuma pini yote kama wenzo. Hapo si waya peke yake unaoumia, tundu la simu nalo linalegea. Pini ya L inalala ubavuni mwa simu na waya unatoka sambamba na ukingo wake. Kwa anayetembea na simu mfukoni au anayecheza gemu kwa kuishika simu kwa ubapa, nunua ya L bila kujishauri. Angalizo dogo: kama simu ina kava nene, kitako cha pini kikiwa kinene hakiingii mpaka mwisho, na pini isiyoingia mpaka mwisho hutoa sauti upande mmoja. Nenda dukani na simu ikiwa ndani ya kava lake.

Ukiwa dukani

Usijaribu kwa wimbo wenye besi. Besi hufunika kasoro. Weka sauti ya mtu anayezungumza, mahubiri au taarifa ya habari, kwa sauti ya wastani. Chomeka pini mpaka usikie mlio wa kuingia, kisha izungushe taratibu mzunguko mzima ndani ya tundu. Sauti isikatike wala isikwaruze. Halafu shika pini kwa mkono mmoja isitikisike, na kwa mkono mwingine kunja shingo polepole kuelekea pande nne. Rudia pale waya unapogawanyika kwenda masikioni, na pale unapoingia kwenye kila spika. Hayo ndiyo maeneo matatu ya kufia, na ukikunja katikati ya waya unapoteza muda tu.

Bonyeza kitufe, wimbo usimame. Rekodi sauti yako kwa maiki na uisikilize. Kama mwimbaji anasikika tu unapokandamiza kitufe, usidhani umepata mbovu: hizo zimefungwa kwa mpangilio wa zamani wa OMTP, ambapo maiki na waya wa pamoja vimebadilishana nafasi kwenye pini. Simu za sasa hutumia mpangilio wa CTIA. Hedifoni ni nzima lakini hazikufai, rudisha. Na kama pini ina pete mbili tu za kutenganisha badala ya tatu, haina maiki, hata kama muuzaji anaapa.

Ya kwanza: KZ EDX Pro

KZ ni kampuni ya China, na hapa inapendelewa waziwazi. Si kwa sababu sauti yake haina mpinzani. Besi imejaa, sauti za juu zinaweza kung'ata kwenye nyimbo zenye matoazi mengi, na wapo watakaopenda kitu kitulivu zaidi. Inapendelewa kwa sababu waya wake unachomoka. Kila spika ina matundu mawili madogo, waya unaingia kwa vipini viwili vya milimita 0.75, na shingo ikifa unanunua waya mpya kwa dola chache, unachomeka, unaendelea. Spika yenye sumaku na utando ndiyo kitu cha thamani. Waya ni wa kuchakaa, uchakae peke yake.

Kwenye maduka ya mtandaoni ya China EDX Pro huuzwa chini ya dola 15, na mara nyingi hushuka karibu na 10, kabla ya usafiri na ushuru. Kuna yenye maiki na isiyo na maiki, boksi zinafanana, soma kabla hujalipa. Waya wake unazunguka nyuma ya sikio, jambo linalowaudhi wavaa miwani siku za mwanzo. Kwa anayevaa hijabu mpangilio huo unafaa, kwa sababu waya unashuka nyuma chini ya mtandio na haukwami kwenye pini za mtandio.

Kubadilisha waya kuna adabu yake. Usivute waya wenyewe. Bana kichwa cha plastiki kwa kucha mbili na uvute moja kwa moja, usiyumbishe kushoto na kulia, vipini hivyo hupinda. Wakati wa kurudisha, fuata herufi L na R, na hakikisha mkunjo wa waya unaelekea mbele, juu ya sikio. Upande mmoja ukiuchomeka kinyume utapata sauti zote mbili, lakini besi itakimbia na muziki utasikika kama hauna katikati. Wengi hufika hapo wakasema waya mpya ni mbovu. Geuza upande mmoja kwanza.

Na unapoagiza waya wa akiba, usitaje "waya wa KZ" ukaishia hapo. KZ wametumia zaidi ya umbo moja. EDX Pro ina tundu lililotokeza nje, na waya wake una kofia inayolifunika tundu hilo; wauzaji huuita wa pini C. Waya usio na kofia utaingia ukining'inia, na utaanza kuchomoka ukitembea.

Ya pili: Moondrop Chu II na 7Hz Salnotes Zero

Kwa masikio tu, hizi zingekuwa za kwanza. Sauti ya mtu inasikika kama mtu, kasida na usomaji wa Qurani vinatulia, na besi haimezi kila kitu. Zote mbili nyaya zake zinachomoka kwa vipini vya milimita 0.78, ambavyo ndivyo vilivyoenea zaidi, hivyo waya wa akiba ni rahisi kuupata mtandaoni. Bei yake ilipotoka ilikuwa chini kidogo ya dola 20 kila moja.

Zimeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ya upatikanaji. Kwenye maduka ya kawaida ya Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, utaikuta KZ kabla hujazikuta hizi, na hedifoni ambayo utaisubiri kwa wiki kadhaa haimsaidii mwenye kikao cha Zoom kesho. Na kuna mtego: Moondrop Chu ya kwanza, ya mwaka 2022, waya wake hauchomoki. Jina karibu ni lile lile, picha karibu ni ile ile. Usiponena "mbili" utaletewa ile ya kwanza, na faida yote imekwenda.

Wasio na tundu

Simu yenye Type-C peke yake inataka uamuzi wa busara, kwa sababu sasa hedifoni zinaning'inia kwenye tundu la chaji. Tundu la hedifoni likiharibika unakosa muziki. Tundu la chaji likilegea unakosa simu. Kwa hiyo usinunue hedifoni za Type-C zenye pini ndefu iliyonyooka na shingo ngumu; hizo ni wenzo uliowekwa mahali pabaya kuliko pote.

Njia bora ni adapta fupi ya Type-C yenye kijiwaya laini, halafu uchomeke hedifoni zozote kati ya zilizotajwa. Kijiwaya kile ndicho kinachobeba mikunjo. Kikifa, imekufa adapta.

Lakini adapta zinazofanana kwa macho ni za aina mbili. Moja ina chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa kusukuma spika. Nyingine haina kitu, ni nyaya tupu, na inategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa. Baadhi ya simu za Huawei na Xiaomi za miaka ya nyuma zilifanya hivyo. Samsung za kuanzia Note 10 na S20 hazifanyi, wala iPhone 15 na zilizofuata. Ukichomeka adapta tupu kwenye simu hizo, simu inacheza kwa spika ya nje kana kwamba hukuchomeka kitu. Kipimo cha uhakika ni kompyuta: chomeka adapta kwenye tundu la Type-C la laptopu, hedifoni zikiwa ndani yake. Ikijitokeza kama kifaa kipya cha sauti, ina chipu. Isipojitokeza, mrudishie mwenye duka.

Kwenye Android nunua adapta ya Samsung. Ya Apple ni nzuri na ni ya dola 9 kwao, lakini kwenye simu nyingi za Android sauti yake inatoka ndogo, kwa sababu adapta huanza na sauti yake ya ndani ikiwa chini na simu haiipandishi. Kwenye iPhone 15 kwenda mbele, hiyo ya Apple ndiyo ya kuchukua. Wenye Oppo, Realme na vivo, kabla hamjamlaumu mtu ingieni kwenye mipangilio muwashe OTG, swichi inayoruhusu simu kutumia kifaa kilichochomekwa kwenye tundu la chaji. Kwenye simu nyingi za kampuni hizo hujizima yenyewe isipotumika kwa dakika kumi hivi. Redio ya FM kwa adapta zenye chipu mara nyingi haifanyi kazi, maana simu haiuoni waya kama antena.

Anayetaka kitu kimoja kisicho na adapta, Moondrop wanauza waya wa Type-C uitwao FreeDSP, wenye chipu ndani na vipini vya 0.78, unaoingia kwenye Chu II na Zero. Huo ndio mpango mzuri kuliko wote kwa simu ya Type-C. EarPods za USB-C za Apple na zile za Type-C za Samsung zenye jina la AKG zina chipu na sauti ya kuridhisha, ila waya ni wa kudumu, na EarPods shingo yake ni fupi mno kwa bei ile. Za AKG, feki zimejaa mtaani kupita kiasi. Boksi linafanana, karatasi inafanana, chipu hakuna. Beba laptopu.

Nyaya za kudumu zenye nafuu

Kama lazima iwe ya madukani na waya usiochomoka, Sony MDR-EX15AP ina pini ya L na waya wa mita 1.2, inatosha kwa redio na simu za kazini. JBL Tune 110 ina waya bapa, na habari za waya bapa zimeshasemwa. Oraimo, ndugu wa Tecno, Infinix na itel chini ya Transsion, zinapatikana karibu kila mji, na boksi lina kibandiko cha kukwangua ili uhakiki namba yake mtandaoni. Kwangua pale pale dukani, si nyumbani. Kisha pinda shingo, maana matoleo yao hayalingani.

Zile za kwenye meza za barabarani na kwa wachuuzi wa stendi: shingo yake ni plastiki ngumu. Nunua kama unahitaji redio ya mechi moja.

Kubadilisha pini badala ya kutupa

Fundi wa simu mwenye solda anaweza kukata sentimita 3 chini ya shingo na kufunga pini mpya ya vipande vinne. Wengi hukataa kwa sababu nyuzi zile "hazishiki risasi". Hazishiki kwa sababu ya vanishi. Zipitishe kwenye moto wa kiberiti cha gesi kwa nukta moja, au zizamishe kwenye tone la risasi lililopata nyuzijoto 380 hadi 400 za Selsiasi, vanishi itaungua na shaba itang'aa. Kabla ya kuunga chochote, pitisha kofia ya pini kwenye waya. Ni kosa linalowarudisha mafundi mwanzo kila siku. Ukihesabu vipande vya chuma, ncha ya pini ni kushoto, pete ya kwanza ni kulia, pete ya pili ni waya wa pamoja, na shina ni maiki. Pima kwa mita: ncha na pete ya pili zikupe omu kama 16 au 32, na sikio litoe mlio mdogo. Halafu funga mpira unaosinyaa kwa moto, uanzie kwenye pini na utangulie sentimita mbili juu ya waya, hiyo ndiyo shingo yako mpya.

Kuhusu wauzaji

Haiwezekani kumaliza bila kusema hili. Hedifoni ni bidhaa inayokufa kwa kasoro inayogundulika kwa sekunde thelathini, na bado maduka mengi hayakuruhusu kufungua boksi. "Ukifungua umenunua." Ukutani kuna kibao kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti ukiomba, unaulizwa ya nini kwa kitu cha elfu kumi. Kwa mpangilio huo hasara yote inabebwa na mnunuzi, na muuzaji hana sababu ya kuleta mzigo wenye shingo nzuri, kwa kuwa mbovu ndizo zinazomrudisha mteja upesi. Watengenezaji wa simu nao wameondoa tundu, kisha wanakuuzia adapta ya kulirudisha.

Duka likikataa kujaribu, ondoka, hata kama bei ni nzuri. Likikubali, jaribu mbele ya muuzaji, dai risiti ya kodi, ya EFD Tanzania au ya eTIMS Kenya, na mwambie aandike jina kamili la toleo, "EDX Pro yenye maiki" au "Chu II", si "hedifoni 1". Kisha uliza kama ana waya wa akiba wa toleo hilo, na kama anao, lipia vyote viwili siku hiyo hiyo. Matoleo hubadilika haraka, na waya wenye kofia inayolingana na spika ulizonazo unaweza usiwepo rafuni utakapouhitaji.